Daktari Insaf na Haki ya Tangi la Pili

Tarehe 14 Oktoba Daktari Insaf Abdel-Mawgud anatimiza miaka sitini, na kwa kuwa serikali haina utani na siku ya mtu kuzaliwa, siku hiyohiyo anastaafu. Amekitumikia Kituo cha Majaribio ya Samaki cha Tell al-Samar kwa miaka thelathini na mitatu, yote katika chumba kimoja chenye meza ya marumaru na dirisha linalotazama matangi. Waliokuja baada yake wamekwenda Kairo, nchi za Ghuba na Kanada. Yeye amebaki hapa na matumbo ya perege.

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na katibu muhtasi wetu, mwenye mwandiko na adabu. Lakini amejifungua mapacha juzi, Mungu awakuze, na Mkurugenzi wetu, Mhandisi Rifaat, akaniangukia mimi, Mursi Dasuqi, fundi wa pampu na mashine za hewa. Amenipa masharti mawili: nisipige chumvi, na nisitaje habari ya bata. La kwanza nitajitahidi.

Siku yake ya kwanza kazini, mkurugenzi wa enzi hizo alimkaribisha kwa perege wa kuchoma, mzimamzima, aliyeviringishwa kwenye pumba na chumvi kama tunavyowapenda, na mkate wa moto pembeni. Mgeni mwingine angesema bismillahi akala. Yeye alisema bismillahi, akatoa kisu kidogo mfukoni, akampasua samaki tumbo, akachomoa utumbo na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha kama bibi harusi anayekagua dhahabu. Kisha akatangaza, mpishi akiwa amesimama papo hapo: "Huyu mmemlisha mashudu yaliyovunda." Mpishi yule aliomba uhamisho akaenda idara ya barabara.

Tangu hapo hakuna nyumba Tell al-Samar iliyomwalika kula samaki. Mumewe, Ustadh Wagdi, mwalimu wa jiografia na mtu mwenye subira, alishajifunza kupenda kuku.

Msije mkadhani ni mtu wa karaha. Ni kwamba ana imani moja, na ameishikilia kwa meno. "Usiniulize samaki ana nini," husema, "niulize kala nini." Kwa maelezo yake, ndani ya utumbo wa perege kuna mtaa mzima wa vijidudu, naye huviita wapangaji. Wapangaji wema husaidia kusaga chakula, humtengenezea mwenye nyumba vitamini, na hukaa mlangoni kuzuia wahuni wasiingie. Mlishe samaki vizuri, wema watanawiri. Mlishe mashudu ya mwaka juzi na mafuta yenye uvundo, wema watahama na wahuni watachukua vyumba. Hapo ukuta wa utumbo unavimba, unachubuka, unakuwa mwembamba, na joto la Julai likifika samaki anaelea ubavu. "Na mhuni akishaingia," humalizia, "kumtoa ni kama kumtoa mpangaji wa kodi ya zamani, anayelindwa na sheria. Utakufa wewe, na chumba atarithi mwanawe." Sisi ambao familia zetu zina ghorofa mjini tulimwelewa mara moja.

Kila Julai wafugaji wadogo wa kandokando ya ziwa Burullus walikuja mlangoni pake na samaki waliovimba, wakiwa kwenye mifuko ya plastiki, nyuso zao zimewashuka kama watu waliotoka mazikoni. Yeye dawa alikuwa nayo. Alichukua pumba za mpunga, ambazo kwetu ni nyingi kuliko vumbi, akazichachusha kwa yale maji yanayobaki wanawake wanapogandisha jibini. Pumba zikiiva zilinukia kama mkate unaotoka tanuri. Mfugaji yeyote mwenye pipa, na mke mwenye ng'ombe, angeweza kujitengenezea nyumbani.

Tatizo lilikuwa Kairo. Huko kuna kamati ya kupitisha vyakula vya samaki, na bila muhuri wake hakuna bwana samaki anayeruhusiwa kumfundisha mfugaji. Kamati ilitaka matangi mawili, ubavu kwa ubavu, maji yaleyale, samaki walewale. Tangi la kwanza lile pumba za Daktari, la pili lile chakula cha kawaida cha dukani, kile kibaya tunachokijua sote. Kisha matumbo yapasuliwe, na tofauti ionekane.

Basi hilo ndilo alilolitaka maishani. Tulipoanza kumwuliza angependa zawadi gani akistaafu, alitujia juu. "Ngao ya shaba mpeni Rifaat, anapenda kung'aa. Mimi nipeni jaribio moja safi. Moja tu."

Jaribio la kwanza lilifanyika miaka minne iliyopita. Profesa Shukri wa kamati alikuja na viatu vya kung'aa, akapasua samaki wa huku na wa huku, akakuta matumbo yote yanafanana kama ndugu. "Daktari," alisema kwa upole wenye miiba, "chakula chako kinanukia vizuri sana. Ila hakina kazi."

La pili, miaka miwili baadaye, lilikuwa balaa. Tangi la pili, ambalo halikutakiwa kuonja hata chembe ya pumba zile, ndilo lililokuwa na samaki wanene na matumbo imara kuliko tangi la kwanza! Profesa alicheka mpaka akavua miwani. "Hongera, dada. Umegundua chakula kinachodhuru." Daktari alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, akalia. Nilimsikia kwa sababu siku ile pampu ilikuwa imezimwa.

Lakini kulia kwake hakuchukui muda. Alitoka na kisu, akapasua perege mwingine wa tangi la pili, safari hii akiangalia chakula chenyewe kilichomo. Akakuta pumba, tena zake. Akatuita wote chini ya paa la matangi, na macho yake yakamwendea Shahhat, mlishaji wetu, mtu wa masharubu na wa sala tano.

"Shahhat, hizi pumba zimefikaje kwa jirani?"

"Umeshajijibu, Daktari. Wewe mwenyewe umesema jirani."

"Unanifanyia mzaha?"

"Haki ya Mungu sifanyi mzaha! Ile harufu inavuka. Wenzao wanakula, wao wanakuja juu, wanapanua midomo, wananitazama. Si muumini anayeshiba na jirani yake ana njaa. Siku ya kiyama nitamjibu nini Mola wangu, kwamba nilikuwa na jaribio?"

"Ni samaki, Shahhat!"

"Wao samaki. Mimi ndiye mtu. Na mkono ni wangu."

Hapo Umm Hashim, mama yetu wa chai, akatua sinia chini. "Kumbe na wewe? Mimi nilidhani ni mimi peke yangu!" Mlinzi wa lango akaanza kukohoa. Kisha, sijui nani alianza, sote tukageuka kumtazama Mkurugenzi, naye alikuwa anatazama dari kwa makini kama anayetafuta mahali linapovuja. Kila mmoja wao alikuwa anachota konzi kutoka pipa la Daktari na kulitupia tangi la pili, kwa siri, akidhani thawabu zote ni zake. Tangi la pili lilikuwa linakula meza nne. Mimi sikutupa kitu, maana mimi nina bata.

Mtu mwingine angewafukuza wote, akianzia juu. Daktari Insaf alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa akafikiri. Kwani yeye si wa hapa? Kwao pia, chungu kikinukia mpaka kwa jirani, sahani inakwenda kabla ya wenye nyumba hawajakaa, na sahani ile hairudi tupu. Alimwuliza Shahhat jirani anaishia wapi. Shahhat akajibu bila kusita: nyumba arobaini, kila upande.

"Vizuri," akasema Daktari. Akaamuru tangi la pili lihamishwe mpaka ng'ambo ya mabwawa arobaini, kule kwenye uzio wa reli. Tangi likabebwa, pampu ikabebwa, na mbebaji wa pampu mnamjua. Tulipomaliza, Profesa Shukri akapiga simu: maji ya kule yanatoka mfereji mwingine, na maji mengine ni utumbo mwingine, lirudisheni. Tukalirudisha. Hakuna aliyesema ahsante, na sisemi haya kwa kinyongo.

Ndipo akaletwa Shekhe Mitwalli wa msikiti wa kijiji. Alikalishwa kwenye kiti kati ya matangi mawili, akapewa chai yenye sukari nne, na kila upande ukatoa hoja. Shekhe alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akamwuliza Daktari swali moja. "Samaki ananusa?"

Daktari angesema hapana, kesi ingekwisha palepale. Lakini miaka yote hiyo sijamsikia akidanganya juu ya samaki. "Ananusa, Shekhe," alisema. "Ananusa kutushinda sisi."

"Basi umejihukumu, binti yangu." Shahhat akapandisha masharubu. Shekhe akainua kidole. "Na wewe tulia. Haki ya jirani haifutwi, ila yaweza kucheleweshwa kwa ahadi, kama deni. Daktari, unawaahidi hawa wa tangi la pili kwamba jaribio likiisha watakula kile walichokinusa, mpaka washibe?"

"Naahidi."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mashahidi, Shekhe, na mbele ya huyu mwenye masharubu."

Shahhat akakubali. Shekhe akanywa chai yake mpaka mwisho, na alipoondoka tulimkagua mikono kama ina pumba.

Jaribio la tatu lilianza kiangazi hiki, na lilikuwa la mwisho, kwa sababu sitini haingoji. Shahhat alishika ahadi yake kama mfungo. Ila kila asubuhi alisimama mbele ya tangi la pili na kulipa nasaha: "Vumilieni, wanangu. Subira ina malipo. Shekhe mwenyewe ni shahidi." Daktari akamkuta. Alishtuka kuliko siku ya pumba.

"Unawahubiria?"

"Nawaliwaza."

"Na tangi la kwanza je? Profesa akisema tofauti imeletwa na mahubiri, nitamjibu nini?"

Kuanzia siku hiyo Shahhat alilazimika kuhubiri matangi yote mawili, kwa urefu uleule na sauti ileile. La kwanza aliliusia kushukuru, la pili kusubiri. Daktari alisimama pembeni na saa.

Sasa Mkurugenzi anisamehe, maana hapa ndipo bata wanapoingia. Mtu aliyezoea kutoa hana breki mkononi. Umm Hashim angepita karibu na pipa, mkono ungechota wenyewe, kisha angekumbuka ahadi. Kurudisha riziki pipani ni aibu. Kwa hiyo alikuja nyuma, kwenye nyumba ya mashine ninakofugia bata, na kuninong'oneza: "Mursi, hebu wape hawa wako." Akaja mlinzi, akaja Shahhat na konzi mbili, akaja mtu mmoja mwenye tai ambaye nimeapa kutomtaja. Bata wangu wakaanza kutembea kama masheha.

Mwezi wa nane joto lilipokolea, tangi la pili likaanza kuugua, kama ilivyotakiwa liugue. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyelifikiria vizuri. Jaribio safi maana yake ni kusimama na dawa mkononi na kutazama. Daktari akaacha kupita njia ya matangi. Akawa anazunguka kwangu kwenye mashine, akidai anapenda kivuli cha huko, na huko hakuna kivuli. Mchana mmoja alisimama mlangoni pangu, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti.

"Mursi, leo wameelea watatu."

"Pole, Daktari."

"Wale wengine wameniona wakaja juu. Wamenikimbilia mimi, Mursi. Mimi ninayewanyima."

Akautoa mkono. Ulikuwa umejaa pumba, zinadondoka katikati ya vidole. Mwanamke aliyewagombeza watu wazima kwa konzi moja alikuwa amechota konzi yake, na hatua kumi tu kutoka pale lilikuwa tangi. Nilijua, naye alijua, kwamba akilifikia, jaribio la tatu limekwenda walikokwenda wenzake, na Julai ijayo mifuko ya plastiki itarudi mlangoni, na yeye hatakuwepo. Mimi si msemaji. Nilifungua kijilango cha banda la bata.

Aliwatazama bata muda mrefu. Kisha akawamwagia, akasimama pale analia waziwazi, na bata wakala bila haya, kwa kuwa bata hana muda na machozi ya mtu. Mchana uliofuata akaja tena. Akaja kila mchana mpaka jaribio likaisha, na tangi la pili halikupata hata chembe. Nimefanya naye kazi miaka mingi na nimemwona akisifiwa kwa mengi, lakini kwangu mimi hilo ndilo kubwa alilolifanya.

Profesa Shukri alikuja na viatu vilevile. Akapasua wa kwanza: utumbo imara, ukuta mzima, rangi nzuri. Akapasua wa pili: umechubuka, mwembamba kama ganda la kitunguu. Akapasua wengine, na wengine, akitafuta pa kushika, hakupaona. Mwishowe akaweka kisu chini. "Tofauti hii," alisema, "hata kipofu ataipapasa. Daktari Insaf, haki yako." Umm Hashim akapiga vigelegele mpaka samaki wa matangi yote mawili wakazama chini.

Muhuri umepatikana. Mabwana samaki wameanza kuzunguka vijijini kufundisha, na wanawake wa Burullus, ambao zamani waliyamwaga yale maji ya jibini mferejini, sasa wanawauliza waume zao watatoa nini ili wayapate.

Profesa alipokuwa ananawa mikono, alisema mabaki ya tangi la pili yafukiwe, ndio utaratibu. Shahhat alishavuta pumzi ya kupigana, lakini Daktari alikuwa ameshaokota ndoo. "Hawa hawafukiwi. Wana ahadi yangu."

"Dada yangu, unastaafu wiki chache zijazo. Utumbo ulioharibika hivyo hauponi upesi. Wapangaji wema hawarudi kwa mwaliko wa siku moja."

"Basi nitawaalika kila siku," alijibu, akachota pumba, safari hii mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na kwa mara ya kwanza tangi la pili likala kile lilichokinusa kiangazi kizima. Wengine walikuwa hawana nguvu ya kuja juu. Aliwashushia kwa mkono wake, koti limelowa mpaka begani, na Shahhat akageuka upande wa reli akajifanya anasikiliza treni.

Leo, baada ya hotuba, tutakula bata: wa kujaza vitunguu, kwa wali na mlenda wenye kitunguu saumu. Mkishauona ukubwa wao, mtaelewa kwa nini Mkurugenzi hakutaka niseme walikula nini. Wageni wanaombwa wasishangae mstaafu wetu akiomba kwanza matumbo ya bata hao yaletwe ayatazame. Ustadh Wagdi, ahsante kwa kutuazima mkeo miaka yote hiyo. Tunakuomba utuazime tena, na sababu naieleza hapa chini.

Mkurugenzi alimwagiza Daktari arudishe funguo, naye amerudisha wa chumba, wa kabati na wa stoo. Wa lango la matangi hajarudisha, na Mkurugenzi amekuwa akitazama dari. Wa tangi la pili bado hawajapona wote. Walio hoi wameanza kuogelea wima, na wakisikia viatu vyake wanakuja juu, wakipanua midomo. Zawadi yetu kwake ni ndoo mpya yenye jina lake, kwa kuwa ile ya zamani inavuja.

Ndiyo maana katika ratiba ya leo hamtaona kipengele cha kuagana. Mtu mwenye deni la jirani haagwi. Daktari Insaf, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tell al-Samar, ahsante, na Mungu akupe umri mrefu na maisha mema yasiyo na uvundo. Kesho asubuhi njoo mapema. Tangi la pili halijaambiwa kwamba umestaafu.